Mwalimu wa Kemia uko peke yako shuleni? Wenzako wapo kwenye simu

Shule nyingi za kata huku kusini mwalimu wa Kemia ni mmoja, na hapo mshukuru Mungu yupo. Mimi niko Tandahimba, Kemia yote ya kwangu na Baiolojia juu. Tukikaa kwenye jumuiya yetu ya kujifunza pale shuleni, hii ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), inasaidia kweli kwenye mambo ya jumla, jinsi ya kushirikisha wanafunzi, jinsi ya kutunga maswali, ila nikikwama kwenye mada ya moli pale ofisini namuuliza nani, wa kulia kwangu ni wa Historia wa kushoto ni wa Kiswahili. Kwa hiyo hii nawaandikia walimu wa Newala, Nanyumbu, Liwale, Ruangwa, wote mlio hivyo hivyo. Watu wa kuwauliza wapo, tena wana moyo, ila kuwapata kuna namna yake.

Wengi tunaanzia kwenye magrupu. Linki ikipita tu tunabonyeza. Grupu la WhatsApp siku hizi linabeba watu mpaka 1,024, Telegram ndo usiseme, na ukifungua asubuhi unakuta meseji zimejaa: huyu yupo Kilwa anatafuta wa kubadilishana naye kituo anataka Moshi, matangazo ya mikopo, dua, hepi bethdei, halafu katikati huko mtu kaandika "mwenye maandalio ya kidato cha tatu anisaidie" na hakuna aliyemjibu. Mada gani? Umekwama wapi? Mtu anayeweza kukusaidia naye ana vipindi na lundo la madaftari ya kusahihisha, akiona swali la hivyo anapita tu.

Litmasi, zile karatasi za kupimia asidi na besi, zilipotuishia mimi niliandika hivi: jamani nina kipindi cha asidi na besi Alhamisi, litmasi sina, duka la vifaa vya maabara mpaka Mtwara mjini, hapa kijijini naweza kutumia nini? Dada mmoja anafundisha Dodoma akanijibu kwa voisi, taratibu kabisa kama yuko ofisini kwetu. Chukua choya kavu (rozela ya juisi) kiganja kimoja, chemsha, chuja, acha ipoe, halafu gawa kwenye vikombe vyeupe ili rangi ionekane. Basi Alhamisi wanafunzi wakaja na vya kwao, ndimu, ukwaju, sabuni ya unga, maji ya majivu, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho kuna kijana akaleta mabibo. Ndimu ikawa nyekundu inayong'aa, ya bibo ikabaki kwenye wekundu wekundu, maji ya majivu yakageuka kijani na darasa zima likasimama. Ile rangi ya choya ndo inayofanya kazi, ikikutana na asidi inakuwa nyekundu, ikikutana na besi inaenda kijani. Kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne huendi na choya, hilo lieleweke, lakini mtoto aliyeona majivu ya jikoni kwao yakibadilisha rangi, ukija kumwambia besi ni nini anakuelewa.

Sasa kitu ambacho wengi hawafanyi ni kurudisha majibu. Unasaidiwa, unaandika "ahsante mkuu", unapotea. Mi nilipiga picha vile vikombe (vikombe, sio watoto, nitalisema hilo chini) nikatuma na maelezo ya kilichokwenda na ambacho hakikwenda, maana maji ya sabuni yalitupa rangi isiyoeleweka. Pale pale walimu wengine wakaingia, mmoja wa Lindi mmoja wa Tabora, tukaanza kubishana kuhusu sabuni hadi usiku. Hao ndo mtandao wangu mpaka leo. Hatujafika hata kumi, tuna kigrupu chetu, na nikiuliza kitu jioni asubuhi jibu lipo. Lile grupu la watu elfu nimelibakiza kwa ajili ya matangazo.

Na usiseme huna cha kutoa. Sisi wa huku tuna salfa! Mtoto wa Tandahimba anaijua salfa tangu mdogo, anaona baba yake anapulizia mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, kabla hata hajaambiwa kuna jedwali la elementi. Nilipotuma picha ya ule unga wa njano kwenye kigrupu, wenzangu wa bara wakashangaa, kwao salfa ipo kitabuni tu.

Kingine, hifadhi vitu kwenye kompyuta au flashi, usitegemee bando. Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika kule Kilwa, na wiki iliyofuata intaneti ikayumba nchi nzima kwa sababu ya nyaya za chini ya bahari. Waliokuwa wameshadaunlodi ndo waliendelea kufundisha. Mimi nina yale majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, ni ya bure, ukishashusha faili linafunguka bila mtandao, na lile la kipimo cha pH, yaani ukali wa asidi au besi, linafaa sana kuunganisha na kipindi cha choya.

Kuhusu watoto. Naona walimu wanaposti picha za wanafunzi na matokeo yao, jina na alama, kwenye magrupu ya watu wasiowajua, na inaniuma. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, yule ni mtoto wa mtu. Na anayekuletea "mtihani umevuja" inboksi, mbloku. Hakuna mjadala hapo.

Kwa walimu wapya, najua mnaogopa kuuliza kwenye grupu ambalo afisa elimu yumo, mnaona mtaonekana hamjui. Mfuate mtu inboksi, msalimie vizuri, shikamoo mwalimu samahani kwa usumbufu, halafu nenda moja kwa moja kwenye swali. Walimu wakongwe wanapenda kuulizwa, we jaribu.

Mimi hapa nilipo nimekwama kwenye elektrolaisisi, ile ya kutenganisha kemikali kwa umeme. Betri za tochi ninazo, vijiti vyeusi vya ndani ya penseli (grafiti) ninavyo vya kuwa elektrodi, yaani vya kupitishia umeme kwenye maji ya dawa, nataka watoto waone shaba ikijishika kwa macho yao, ila mrututu (salfeti ya shaba) sina. Mwenye kujua duka la Masasi au Mtwara mjini linalouza mrututu kidogo kidogo, sio mfuko mzima, aniambie na bei. Nikishafanya kipindi nitaleta picha.