Siku Mama Alipoingia Katika Maji ya Furnas

Mwezi wa Februari mwaka 2019, Mama akiwa na umri wa miaka 68, tulifunga safari pamoja hadi São Miguel, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa tisa vya Azores, ambavyo ni sehemu ya Ureno ingawa viko mbali nayo, katikati ya Bahari ya Atlantiki. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akisoma chuo kikuu katika mji wa Ponta Delgada, na katika kila barua alituelezea chemchemi za maji moto za Furnas, hususan ile iliyomo ndani ya bustani ya mimea iitwayo Terra Nostra. Mama, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua tangu alipoacha kazi ya kuchuma chai katika milima ya Usambara, alizisikiliza barua hizo nikimsomea, na siku moja akasema, kama mtu aliyekwisha kuamua, kwamba angependa kuyaona hayo maji kwa macho yake mwenyewe.

Tuliondoka Ponta Delgada asubuhi, mvua ikinyesha rasharasha. Barabara ilipanda katikati ya malisho ya ng'ombe ya kijani kibichi, kisha ikaanza kuteremka kwa kona nyingi, na mdogo wangu akatuambia kwamba tulikuwa tunaingia ndani ya volkano. Nilidhani ametumia lugha ya picha, lakini alimaanisha alivyosema: kijiji cha Furnas kimejengwa ndani ya kasoko, watu wake hulala na kuamka humo, na mlipuko wa mwisho wa volkano hiyo ulitokea mwaka 1630. Mama aliuliza, "Baba, na watu wanapata usingizi hapa?" Mdogo wangu akacheka, akasema wanapata usingizi mzuri sana, tena chakula chao hupikwa na ardhi yenyewe. Alitusimamisha kando ya ziwa, ambako masufuria yaliyofungwa vizuri hufukiwa ndani ya mashimo ya udongo wa moto, nyama na mboga zikaiva kwa muda wa saa sita hivi bila kuni wala mkaa. Mama alisimama kwa muda mrefu akiutazama mvuke ukitoka ardhini. Harufu ya salfa ilikuwa kali, kama ya mayai viza, naye alijiziba pua kwa upindo wa kanga yake lakini hakuondoka.

Terra Nostra yenyewe haina harufu hiyo, au pengine miti imeizuia. Ukipita langoni unajikuta mahali penye utulivu, penye njia za mchanga na mifereji ya maji, na miti mirefu kiasi kwamba ilitulazimu kurudi nyuma hatua kadhaa ili kuviona vilele vyake. Bustani ilianza katika karne ya 18, pale Thomas Hickling, mfanyabiashara aliyetoka Boston, alipojenga nyumba ya mapumziko juu ya kilima, akachimbisha bwawa mbele yake na kupanda miti aliyoiagiza kutoka kwao. Mwaka 1848 mahali hapo palinunuliwa na familia ya kikabaila ya kisiwani, ambayo ilijenga nyumba iliyopo hadi leo na kuipanua bustani, na mwaka 1935 hoteli ikafunguliwa kando yake.

Bwawa liko chini ya nyumba hiyo, nalo ni kubwa kuliko nilivyotazamia. Rangi yake ndiyo iliyotusimamisha sote. Si ya buluu wala ya kijani. Ni rangi ya udongo mwekundu uliokorogwa ndani ya maziwa, nzito kiasi kwamba mtu aliyesimama ndani yake huonekana kama amekatwa kifuani, kwa sababu sehemu iliyo chini ya maji haionekani kabisa. Mama alilitazama bwawa, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona haya maji ni machafu?"

Mdogo wangu ndiye aliyemjibu, na mpaka leo nakumbuka jinsi alivyomjibu, kwa maana alitafuta maneno ambayo Mama angeweza kuyashika. Alisema kwamba mvua inayonyesha kisiwani huzama ardhini, ikafika chini sana kwenye miamba iliyopashwa moto na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, na huko maji huchemka na kuyeyusha madini, kikiwemo chuma, kisha hupanda tena kupitia nyufa. Yakiwa chini, chuma kilichomo hakionekani. Yanapofika juu na kukutana na hewa, chuma hicho hugeuka kutu. "Mama, unalikumbuka lile panga lako la kupogolea, ukiliacha nje kwenye umande usiku mmoja? Ile rangi ya asubuhi ndiyo hii." Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Basi haya ni maji ya panga," na kuanzia hapo hakusema tena kwamba ni machafu.

Hata hivyo, kukubali kwamba maji ni safi ni jambo moja, na kuingia ndani yake mbele ya watu ni jambo jingine. Nilikuwa nimemnunulia vazi la kuogelea refu, la rangi nyeusi, lenye mikono, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ametuonya kwamba nguo nyeupe ikiingia mle haitoki ilivyokuwa. Mama alilivaa bila ubishi, lakini juu yake akajifunga kanga yake, nyeupe yenye pindo la buluu na maandishi yasemayo "Mgeni njoo mwenyeji apone," akatoka nayo hadi ukingoni, akakaa kwenye ngazi za mawe, miguu tu ikiwa ndani ya maji. Alisema hapo panamtosha. Mimi niliingia, maji yakanifika kifuani, na joto lake likanizunguka mwili wote kwa wakati mmoja. Ni joto la kati ya nyuzi 35 na 40, linalotofautiana kadiri unavyosogea karibu na mdomo wa bomba la jiwe ambapo maji mapya humwagika. Chini ya nyayo nilihisi tope laini, jembamba kama unga. Mvua ilikuwa bado inanyesha, matone baridi yakiniangukia usoni huku mabega yangu yakiwa ndani ya maji ya moto, na sijui kama niliwahi kuhisi vitu viwili vilivyo kinyume hivyo kwa furaha kubwa namna ile.

Aliyemwingiza Mama majini hakuwa mimi wala mdogo wangu. Alikuwa mwanamke mzee wa pale kisiwani, pengine mkubwa kwa Mama kwa miaka kadhaa, aliyekuwa akipita polepole karibu na ngazi. Alisimama mbele ya Mama, akasema maneno ya Kireno ambayo Mama hakuyaelewa, kisha akagusa goti lake mwenyewe, akagusa goti la Mama, akanyoosha mkono. Mama aliutazama ule mkono. Nilijua anawaza nini, kwa kuwa katika malezi yetu mkono wa mzee hauachwi hewani. Aliushika. Alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, akiwa bado na kanga kiunoni, na alipokumbuka kuifungua, pindo lake lote la chini lilikuwa limekwisha kulowa. Nikaipokea na kuiweka juu ya jiwe.

Alikaa majini kwa muda unaokaribia saa nzima. Mwanzoni alimshikilia yule bibi kwa mikono miwili, halafu kwa mkono mmoja, halafu akaachia. Kutoka alipokuwa aliweza kuona kangaga za kigeni zilizokua kama miti, matawi yake yakiwa yamefunguka juu kama miavuli, na mvuke mwembamba ukipanda kutoka kwenye bwawa na kupotea katikati yake. Hakuzungumza. Wakati fulani nilimwona amefumba macho na kuuinua uso wake kuelekea mvua, nami nikageuka upande mwingine, kwa sababu niliona kama naingilia jambo lisilonihusu. Yule bibi alipotoka, walishikana mikono tena, na Mama akamwambia kwa Kiswahili, "Ahsante, dada yangu, Mungu akuweke." Bibi akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa kila neno.

Watu wengi tuliowaona siku ile walifika, wakaoga, wakapiga picha na kuondoka, na naamini waliacha nusu ya kile walichokuwa wamekilipia. Sisi tulikuwa tumepanga kufanya vivyo hivyo, lakini Mama, baada ya kuvaa nguo kavu na koti, alisema mwili umepata moto na kwamba anataka kutembea kabla haujapoa. Kwa mtu ambaye asubuhi alikuwa akishuka garini kwa kushikwa mkono, hilo lilitushangaza. Sitadai kwamba maji yalimponya. Magoti yalimrudia baada ya siku chache, na bado anayalalamikia. Lakini mchana ule alitembea, nasi tukamfuata.

Tulipita kwenye njia iliyopangwa miti ya ginko pande zote mbili, ambayo wakati ule haikuwa na jani hata moja, kisha sehemu ya mimea ya asili ya visiwa hivyo, ambayo ni midogo na haina makuu, ikionekana kama jamaa maskini mbele ya majitu yaliyoletwa kutoka mabara mengine. Katika bustani ya mimea jamii ya mtapo, Mama alitambua mara moja kwamba anaiona mimea ya upande wetu, akatusimulia jinsi wazee wa pwani walivyokula mtapo wakati wa njaa baada ya kuuloweka na kuutoa sumu. Alikuwa amezaliwa karibu na Amani, huko huko Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha mimea mwaka 1902, na tangu utotoni alizoea kuona miti ya mbali ikiwa imesimama katika ardhi ya kwao. Safari hii ilikuwa kinyume chake.

Kisha tukafika kwenye kamelia. Terra Nostra ina aina zaidi ya 600 za maua hayo, na Februari ni msimu wake. Vichaka vilivyokuwa na kimo cha kupita mtu vilikuwa vimejaa maua mekundu, meupe na ya waridi, na chini yake njia ilikuwa imefunikwa na maua yaliyoanguka yakiwa mazima, yakitazama juu, kana kwamba mtu ameyapanga moja moja. Mdogo wangu alitoa simu apige picha. Mimi nilikuwa nikitafuta ua ambalo halijakanyagwa. Mama hakuyaangalia maua hata kidogo. Alikuwa amekamata tawi kwa vidole viwili, taratibu, bila kulivuta, akawa analigeuza jani: upande wa juu unaong'aa, upande wa chini uliofifia, ukingo wenye meno madogo ya msumeno. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshipa wa katikati.

"Jani hili nalijua," alisema. "Hii ni chai."

Mdogo wangu alianza kusema kwamba hapana, Mama, haya ni maua ya mapambo, halafu akakatiza sentensi yake mwenyewe. Alisoma kibao kilichokuwa chini ya kichaka, akatutazama kwa mshangao, na kueleza kwamba mchai nao ni kamelia, kwamba jina lake la kisayansi ni Camellia sinensis, na kwamba mti ule wa maua ni ndugu yake wa damu. Alikuwa amepita pale mara nyingi bila kuliwaza jambo hilo. Mama alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuipata, kisha akasema kwamba yule wa kwao ana jani jembamba zaidi na laini zaidi, na kwamba hawa wa hapa wameachwa wakarefuka kwa sababu hakuna anayewachuma.

Ndipo alipoanza kutuonyesha. Alisimama mbele ya kichaka, mgongo umenyooka, akatuambia kwamba huchumi chochote ila majani mawili na chipukizi, kwamba jicho lazima liende mbele ya mkono, na kwamba mchumaji hodari hatazami vidole vyake. Mikono yake ilipita juu ya kamelia kwa kasi bila kugusa kitu, mkono wa kulia, wa kushoto, halafu ishara ya kutupa nyuma ya bega, ndani ya kapu ambalo halikuwepo. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka 22. Nililelewa kwa fedha ya kazi hiyo, nikasoma kwayo, na sikuwahi hata siku moja kumwona akiifanya, kwa kuwa alitoka nyumbani kabla hatujaamka na kurudi akiwa amechoka mno kusimulia. Nilisimama katikati ya maua yaliyoanguka, katika kasoko la volkano, maelfu ya kilomita kutoka Usambara, nikamwangalia mama yangu akichuma chai.

Kabla hatujaondoka aliinama mwenyewe, akaokota jani moja lililoanguka, akaliweka ndani ya pochi yake kati ya pasipoti na tiketi.

Usiku ule nilifua kanga. Nilibadilisha maji mara nne, na kila mara beseni liligeuka rangi ya kutu, hadi maji yakabaki meupe lakini pindo likabaki na mstari wa hudhurungi, umbo la wimbi, uliopanda mpaka kwenye herufi za kwanza za maandishi. Niliamka asubuhi nikiwa nimekusudia kutafuta dawa ya kutoa madoa. Mama alikuwa ameamka mapema kuliko mimi, ameianua ingali mbichi kidogo, na alikuwa amekaa dirishani akiwa amejifunga, jani la kamelia likiwa kiganjani, akimweleza mdogo wangu namna ya kupogoa.