Mrejesho wa mradi wa bunduki za kwenye muvi: kila silaha sasa ina majina mawili

Wakuu, mrejesho. Lile jedwali langu la silaha zinazoonekana kwenye muvi bado linaendelea, ila nimelibomoa karibu lote nikalipanga upya maana kolamu moja ya "aina ya bunduki" haitoshi kabisa. Sasa ziko mbili, ya kwanza ni bunduki ambayo muigizaji kaishika kweli, ya pili ni ile ambayo hadithi inataka tuamini kaishika, na mara nyingi hizo sio kitu kimoja.

Chukua Die Hard ya 1988. Wale majambazi wa kwenye ghorofa wamepewa MP5, bunduki fupi ya kupiga mfululizo, ukiangalia harakaharaka utaandika MP5 na kuendelea. Ila zilizotumika ni HK94, bunduki ya kuuziwa raia Marekani, inapiga moja moja na mtutu wake mrefu, wakaufupisha mtutu na kuigeuza ipige mfululizo. Basi kolamu ya kwanza HK94, ya pili MP5. Die Hard 2 ya 1990 ndio kali zaidi, staringi anasema kuna "Glock 7" ya kauri, ya Ujerumani, mashine za uwanja wa ndege haziioni. Hakuna Glock 7! Glock inatoka Austria, wakaanza na Glock 17, na cha plastiki ni fremu tu, yaani mwili wa chini wenye mshikio, slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) na mtutu ni chuma kwa hiyo mashine inaiona vizuri sana. Ndio maana maneno ya staringi hayaingii kwenye jedwali kama ushahidi, wala ya dijei anayetafsiri.

Sehemu iliyonila muda ni AK. Watu kila kitu wanaita AK-47, wakati alama zipo wazi ukisimamisha picha ukavuta karibu. AKM, toleo lililofuata AK-47, iliyotoka 1959 kifuniko chake cha juu kina matuta ya mistari, ubavuni juu ya magazini kuna kibonyeo kidogo, na mara nyingi mdomo wa mtutu una kipande kilichokatwa mshazari. AK-47 yenyewe, ile ya chuma cha kuchongwa, kifuniko ni laini na pale juu ya magazini kuna mfereji mrefu. Halafu kuna Type 56 ya China, hiyo angalia kile cha kulengea kule mbele, kimezungukwa na duara lililofunga kabisa, la Mrusi liko wazi kwa juu. Nikikosa kuona hata alama moja naandika "jamii ya AK" na naiacha hivyo, napenda jedwali lenye nafasi wazi kuliko lenye uhakika wa kubuni. Red Dawn ya 1984 ndio imenifundisha subira hapo, maana muvi ya Marekani wakati wa vita baridi AK za Urusi wangezitoa wapi, wakachukua Maadi za Misri wakazirekebisha zifanane na AKM, na Maadi ni nakala ya AKM tangu kiwandani.

Muvi za kauboi nimezipitia. The Searchers ya 1956 hadithi inaanzia 1868, John Wayne kashika Winchester ya 1892 na Colt ya 1873. Muvi imekosea tarehe lakini utambuzi unabaki ule ule, unaandika kilichopo mkononi, hayo ya historia nimeyapa kolamu ya maoni.

Kitu kingine, fremu moja ya muvi, yaani picha moja iliyosimamishwa, haitoshi. Bunduki ya sini ya karibu sio lazima iwe ile inayopiga blanki, zile risasi za kulia tu zisizo na kichwa, na mtu akirushwa chini pengine kashika ya mpira, kwa hiyo sasa kila sini ina mstari wake. Mlio siutumii kabisa maana mara nyingi unawekwa baadaye studio.

Inayofuata ni Who Killed Captain Alex? ya 2010, ile ya Wakaliga pale Kampala, ya Nabwana I.G.G. Silaha zao wamechomelea wenyewe kwa vyuma chakavu, na nataka ziingie kwa heshima ile ile kama za Hollywood, fremu kwa fremu: kolamu ya kwanza bunduki ya kutengenezwa Wakaliga, ya pili nitaijaza nikishaona fundi alikuwa anafuatisha umbo la bunduki gani. Mwenye nakala yenye picha safi anishtue.