Nilivyompata mtengenezaji wa Cobra ya bodi ya alumini

Gari la michezo la Cobra lenye bodi ya alumini nimelitamani miaka mingi, mfano wa zile alizoanza kuzitoa Mmarekani Carroll Shelby mwaka 1962, alipotia injini ya Ford V8 ndani ya gari dogo la Kiingereza, AC Ace. Za asili siziwezi kwa bei. Nakala zimejaa sokoni, ila nyingi bodi zake ni faibaglasi. Wanaofua alumini ni wachache.

Mwanzoni nilijipotezea muda nikilinganisha bei, nguvu za injini na picha za magari yaliyokwisha kupigwa rangi. Hadi nilipofika kwa mtengenezaji mmoja ambaye gari lake lilinivutia mno. Pembeni ilikuwapo bodi nyingine inayosubiri rangi. Nyuma ya mlango, pale madigadi yanapoanza kupanda, puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi, ilikuwa nene kama sarafu tatu zilizopangwa. Niligonga kwa kidole: alumini ililia, puti ikanyamaza. Bodi ya namna hiyo ikitikisika barabarani, puti hupasuka na rangi juu yake.

Kuanzia hapo kila mtengenezaji nilimwomba picha za bodi tupu. Bati tupu husema mengi. Mshono uliochomelewa kwa gesi hubaki laini, fundi akaugonga na kuusawazisha mpaka usionekane. Anayeuacha na mabonde ndiye atakayehitaji puti.

Swali langu la pili lilihusu chasisi, na naona hili wanunuzi wengi hulisahau. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa, na bodi huanza kutoa malengelenge chini ya rangi. Nikauliza: katikati mnaweka nini? Mmoja alinitumia picha za kila sehemu bodi inapokalia mabomba ya chuma ya chasisi. Mwingine alinijibu kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Huyo nikamfuta.

Mwisho walibaki wawili. Shelby American, kampuni yenye jina la Shelby mwenyewe, wana mfululizo wa Cobra mpya uitwao CSX4000, nawe unachagua faibaglasi au alumini. Kirkham Motorsports wako Provo, Utah, lakini bodi zao zilianza kufuliwa Mielec, Poland, kwenye kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege za kivita za MiG. Kilichonivuta kwao ni kwamba magari yao mengi hutoka bila rangi kabisa, alumini imesuguliwa tu. Hapo puti haina pa kujificha. Mambo ya viti na vioo hayakunisumbua, hayo hubadilishwa.

Nikaagiza Kirkham ya muundo wa 427, yaani wa Cobra za baadaye zenye injini kubwa zaidi, wenye mabomba makuu ya chasisi ya inchi 4 badala ya 3 za Cobra za mwanzo, bila rangi. Lilipofika, kabla ya kufungua boneti niliinama nikapitisha mkono ndani ya madigadi ya nyuma. Kwa nje ni kioo. Kwa ndani, vidole vilipapasa alama ndogondogo za nyundo.