Kujifunza Kunyoa Ndevu kwa Wembe wa Kukunja

Kilichonisukuma kutafuta wembe wa kukunja, ule wa zamani ambao chuma chake hulala ndani ya mpini, ni vipele vya shingoni. Ndevu za wengi wetu zimejikunja tangu kwenye mzizi, na zikikatwa chini sana, ncha iliyochongoka hupinda na kuchoma ngozi, ama kabla haijatokeza nje, ama ikiwa imeshatokeza na kurudi ndani pembeni. Mwili huichukulia ncha hiyo kuwa kitu kigeni, ndipo panapovimba, kuwasha, na hatimaye kuacha madoa meusi. Vifaa vya plastiki vyenye nyembe mbili au tatu zilizopangwa pamoja huzidisha tatizo hili, kwa sababu wembe wa kwanza huuvuta unywele, unaofuata huukata, na kipande kilichobaki hurudi chini ya usawa wa ngozi. Wembe mmoja hauna mvuto huo. Sisemi kwamba ni dawa. Daktari wa ngozi akimshauri mtu afuge ndevu, ushauri huo ni wa uhakika kuliko wembe wowote. Lakini kwa yule ambaye kazi yake inamtaka awe na uso ulionyolewa, kama mimi, tofauti inaonekana.

Kumpata wa kunifundisha hakukuwa kwepesi. Saluni za Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, hunyoa kwa mashine ya umeme, na kinyozi anapotaka kunyoosha mstari wa ndevu hutumia kishikio cha chuma kinachopachikwa nusu ya wembe wa kawaida. Huuvunja wembe mpya katikati ukiwa bado kwenye karatasi yake, hupachika nusu, na akimaliza huitupa mteja akiona. Utaratibu huo una sababu nzito. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini B vinaweza kuambukizwa kwa damu iliyobaki kwenye makali, na wembe wa kukunja, ambao chuma chake ni kilekile siku zote, hauwezi kubadilishwa kati ya mteja mmoja na mwingine. Ndiyo maana wembe huu umebaki kuwa chombo cha mtu binafsi, na mwenye nao hapaswi kumwazima hata ndugu yake wa tumbo moja.

Mwalimu wangu ni mzee mmoja wa Magomeni, kinyozi aliyekwisha kustaafu, ambaye mpaka leo hujinyoa kwa wembe wenye chapa ya Solingen, mji wa Ujerumani uliojijengea sifa kwa visu na nyembe kama ilivyokuwa Sheffield kwa Uingereza. Nilipomwamkia na kumweleza nia yangu alicheka, akasema, “Mtoto akililia wembe, mpe,” kisha akaniagiza nirudi nikiwa na mkanda wa ngozi, kwani bila mkanda hakuwa tayari kunifundisha chochote. Wembe nilikuwa nao tayari, nimeletewa na binamu yangu kutoka safarini. Upana wake ni 5/8 ya inchi, kipimo kinachomfaa anayeanza, kwa kuwa si mpana kiasi cha kumziba asione chini ya pua, wala si mwembamba kiasi cha kujaa povu kwa mkupuo mmoja.

Somo la kwanza lilipita bila wembe kugusa uso wangu. Mzee aliufunga mkanda kwenye kitasa cha mlango, akauvuta ukakaza, akalaza wembe juu yake mgongo na makali vikigusa ngozi kwa pamoja, akausukuma huku mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Mwishoni mwa mkanda aliugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, akarudi nao. Makali ya wembe ni membamba mno, hivyo kila yanapokata ndevu hujipinda hapa na pale kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na mkanda huyarudisha kwenye mstari bila kupunguza chuma kingi. Mkanda ukilegea, makali huviringika pembezoni na wembe huwa butu. Anayeugeuza vibaya huukata mkanda wenyewe, ambao mara nyingi huuzwa ghali. Kazi hii hufanywa kila kabla ya kunyoa. Mmarekani King C. Gillette alipopata hataza ya wembe wake mwembamba wa kutupwa mwaka 1904, kazi hii ndiyo aliyowapunguzia wanaume, na baada ya somo hilo nilielewa kwa nini walimkimbilia.

Mkanda, hata hivyo, haunoi. Makali yakichoka kabisa huhitaji kinoo, na si kinoo chochote. Wembe hulazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali yakigusa kwa wakati mmoja, ili unene wa mgongo wenyewe uamue mwinamo wa makali. Mkono hauna haja ya kukisia. Jiwe la kumalizia huwa laini sana, la daraja la 8000 au zaidi, wakati mawe mengi ya visu vya jikoni ni ya daraja la 1000 au chini yake. Majirani walinishauri nimpe fundi anayepita mitaani akinoa visu na mapanga. Namheshimu fundi huyo kwa kazi yake, lakini gurudumu lake lingeuharibu wembe, kwani lina chembe kubwa na hutoa joto, na joto likizidi huondoa ugumu wa chuma kwenye ukingo mwembamba kama ule.

Maandalizi ya uso hayana mengi. Nanyoa baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelowa maji ya uvuguvugu, na povu nalizungusha kwa brashi mpaka liwe zito na lenye maji, maana povu kavu huufanya wembe ukwaruze. Anayenunua brashi aulize imetengenezwa kwa manyoya gani, kwa kuwa nyingi za bei nafuu hutumia manyoya ya nguruwe, na mwenye duka hatalisema hilo asipoulizwa. Yangu ni ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, hukauka upesi, na inanitosha.

Kunyoa kwenyewe kulinifunza jambo ambalo sikulitarajia: mkono usioshika wembe ndio unaofanya kazi kubwa. Mkono wa kulia hushika chuma karibu na mpini, vidole vitatu juu, kidole gumba chini, na kidole kidogo kikitulia kwenye kile kimkia kilichopinda mwishoni mwa chuma. Baada ya hapo unachotakiwa kufanya ni kuacha uzito wa wembe wenyewe ushuke. Mkono wa kushoto ndio unaoivuta ngozi mpaka ikaze, kwa vidole vilivyokaushwa kwa taulo, kwa sababu vidole vyenye povu huteleza na ngozi ikarudi kulegea katikati ya mkupuo. Ngozi iliyolegea hujikusanya mbele ya makali, na hapo ndipo damu hutokea. Mzee alinisimamisha mbele ya kioo, akaniwekea kiganja chake juu ya shavu karibu na sikio, akaivuta ngozi kuelekea juu, akasema, “Sasa teremsha, mwanangu, wala usisukume.” Mwinamo unaofaa ni kama nyuzi 30 kati ya chuma na ngozi. Ukiulaza zaidi wembe huvuta ndevu bila kuzikata, ukiusimamisha zaidi hukwangua ngozi. Jambo moja halina mjadala: wembe hauburuzwi kufuata urefu wa makali yake, kwa kuwa mwendo huo ndio wa kisu kinapokata nyama.

Masikio yana kazi pia. Wembe wenye makali na mwinamo sahihi hutoa mchakacho mdogo unaosikika wazi, kila unywele ukikatika. Sauti ikipotea huku ndevu zikiwa bado zipo, ama povu limekauka ama mwinamo umebadilika, na wa kusimama ni wewe kabla wembe haujakusimamisha.

Shavu ni rahisi kwa kuwa ni pana na chini yake kuna mfupa. Shingo ni habari nyingine. Kabla ya kupaka povu, mzee alinitaka nipapase ndevu zangu kwa ncha za vidole, kila upande, ili nijue zinalala kuelekea wapi, nikagundua kwamba upande wa kushoto chini ya taya zinaelekea sikioni badala ya kushuka. Miaka yote hiyo mashine na plastiki zilikuwa zikipita kinyume chake, na vipele vyangu vingi vilikuwa hapohapo. Sasa napita mara moja tu, kwa kufuata zinakolala, na nakubali kubaki na ukwaru kidogo unaohisiwa na kidole lakini hauonekani kwa macho. Wako wanaopita mara tatu, ya mwisho kinyume, wakitaka uso uwe laini kabisa. Kwa mwenye ndevu za kipilipili naona hiyo ni anasa ya kulipia kwa kujikuna.

Nikimaliza nasuuza kwa maji baridi na kupitisha kipande cha shabu kilicholowa, ambacho hukaza ngozi na kuziba mikwaruzo midogo. Spiriti niliiacha, inachoma bila faida ninayoiona.

Kisha huja suala la hewa ya pwani. Nyembe nyingi za aina hii ni za chuma chenye kaboni nyingi, kinachonoleka vizuri lakini hushika kutu haraka, na mji wetu una unyevunyevu mwaka mzima, zaidi wakati wa masika. Doa dogo la kutu likikaa kwenye ukingo, makali hapo huwa na pengo, na dawa yake ni kinoo. Kwa hiyo naukausha wembe kwa kitambaa laini, pamoja na pale kwenye riveti ambapo maji hujificha, nauacha wazi kwa muda, kisha naupaka tone la mafuta ya cherehani. Nauhifadhi kabatini chumbani, mbali na bafu na mbali na watoto.

Kidevu na juu ya mdomo bado namalizia kwa wembe wa kawaida, kwa kuwa pale ngozi hupinda kila upande na ndevu ni ngumu zaidi. Mzee ameniambia tutavianza baada ya Idi, na kwamba niende nikiwa nimeacha ndevu za siku mbili, kwani zikiwa fupi mno hazionyeshi zinakoelekea.