Bandari ile pale tunaiona, ila hatushuki

Juzi rafiki yangu kaniuliza swali ambalo nililisikia karibu kila wiki nilipokuwa nafanya kazi melini, eti inakuwaje meli ya kitalii inafika mpaka mbele ya bandari, watu wameshavaa viatu na kofia, mabegi yako mgongoni, afu nahodha anatangaza kwamba leo hatushuki tunaendelea na safari, na ukitoka nje jua linawaka na bahari imelala. Safari yake ilishapita mwaka mzima na bado ana hasira. Namwelewa kabisa, mtu amekusanya hela miaka na miaka, amechagua ile safari kwa ajili ya ile bandari moja tu, ndo hiyo hiyo inarukwa.

Mimi mwenyewe mwanzoni nilikuwa siamini, nilikuwa nadhani kuna kitu tunafichwa. Nilikuja kuelewa siku tulipofika George Town, kwenye kisiwa cha Grand Cayman kule Karibi.

Pale hamna gati la meli kubwa za kitalii. Meli inakaa nje na abiria wanapelekwa nchi kavu kwa boti ndogo, sisi tulikuwa tunaziita tenda. Kuna mlango unafunguliwa ubavuni mwa meli, chini kabisa karibu na maji, na nje ya mlango kuna jukwaa. Boti inakuja inafungwa kamba, mabaharia wawili wanasimama pale, na abiria akifika wanamshika, si kiganja kwa kiganja bali kila mmoja anamkamata mwenzake juu ya kifundo cha mkono, ili hata mkono ukiwa na jasho asiponyoke.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa hamna kabisa. Ila kulikuwa na mawimbi marefu yanatoka kaskazini magharibi, yamezaliwa na dhoruba iliyokuwa mbali huko hata hatujaiona. Mawimbi ya namna hii hayana povu wala kelele, ukiwa deki ya kumi unaona maji yanang'aa tu. Mimi nilikuwa chini pale mlangoni. Boti ilikuja ikawa sawasawa na jukwaa, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ikazama mpaka paa lake likawa usawa wa magoti yangu, nikahesabu tena, ikapanda ikagonga jukwaa na kamba ikalia kama ubao unaopasuka. Sasa mweke hapo bibi wa miaka 78 mwenye goti la bandia, au baba kabeba mtoto, mguu mmoja kwenye jukwaa na mwingine kwenye boti. Mkubwa wa mabaharia aliangalia mara tatu nne hivi, akachukua redio akaongea na nahodha, na ule mlango ukafungwa. Pale kuna sehemu ya pili upande wa kusini wa kisiwa, inaitwa Spotts, meli huwa zinajaribu huko mawimbi yakiwa mabaya mjini, lakini siku hiyo na huko hakukufaa.

Nusu saa baadaye kuna mzee alikuja kuniambia, tena kwa upole tu, kwamba tumemdanganya, bahari hii hapa imetulia. Nikamchukua mpaka deki ya kutembelea ile ya chini, boti ilikuwa bado haijapandishwa, nikamwambia mzee wangu angalia chini. Akainama kwenye reli akaiangalia ikipanda na kushuka, hakusema kitu muda mrefu.

Na kushuka ni nusu ya habari tu, kuna kurudi. Watu wengi hawafikirii hili. Nahodha anapoamua saa moja asubuhi anaangalia pia saa tisa alasiri, kwa sababu kama upepo utaamka mchana basi ana watu elfu tatu wamekwama nchi kavu, dawa zao za presha na sukari ziko chumbani melini, pasipoti nyingine ziko melini, na meli yenyewe haiwezi kukaa pale. Kwa hiyo kuna siku asubuhi ni shwari ya kweli kabisa na bado jibu ni hapana, na hizo ndo siku watu wanakasirika zaidi.

Kwenye bandari zenye gati shida inahamia kwenye upepo. Hizi meli za kisasa ni kama ghorofa linaloelea, Icon of the Seas ina urefu wa mita 365 na deki 20, ubavu wote huo ni tanga ambalo huwezi kulikunja. Na nguvu ya upepo haipandi taratibu, upepo ukiwa mara mbili nguvu inayosukuma meli inakuwa mara nne, yaani kutoka noti 20 kwenda 40 (noti ndo kipimo cha kasi ya upepo baharini) si kuongeza kidogo, ni mara nne. Meli zina propela za pembeni kule mbele kwenye omo za kuisukuma kushoto na kulia lakini zina kikomo chake, na kama njia ya kuingilia ni nyembamba au kuna ukuta wa mawe upande mmoja, nahodha mwenye akili hajaribu. Hata kufungwa gatini si usalama wa moja kwa moja. Mwaka 2013 kule Mobile, Alabama, meli ya Carnival Triumph ilikuwa imefungwa kabisa inafanyiwa matengenezo, upepo ukaing'oa pale gatini, meli ikaondoka ikaenda kugonga upande mwingine wa mto, na mfanyakazi mmoja wa pale kwenye matengenezo akafariki.

Afu kuna rubani wa bandari. Huyu ni mtu wa pale pale anayejua mikondo na vina, bandari nyingi huruhusiwi kuingia bila yeye, na anakuja kwa boti ndogo anapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli huku zote mbili zinatembea. Mawimbi yakiwa makubwa hawezi kupanda. Na mamlaka ya bandari nayo inaweza kuifunga bandari, wakifunga wamefunga, nahodha hana la kusema.

Nyingine nazipitia haraka. Mgonjwa mahututi, meli inageuka kumpeleka alipo daktari au kukutana na helikopta, masaa yanapotea na bandari inayofuata haifikiki tena kwa wakati. Injini moja imeharibika, meli inatembea taratibu, kituo kimoja kinakatwa ili vingine viokoke. Na siasa na usalama, hapo si suala la siku moja, mwezi wa pili 2022 Urusi ilipovamia Ukraine makampuni yaliifuta St Petersburg kwenye ratiba zao, mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu safari za kuzunguka dunia zikahamishiwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, bandari zote za huko katikati zikapotea.

Kuna bandari moja ambayo watajitahidi sana wasiiruke, hii watu hawaijui. Marekani wana sheria ya 1886 inayokataza meli ya bendera ya nje, yaani iliyosajiliwa nchi nyingine, kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine, na hata safari ya kuondoka na kurudi pale pale, kama inasimama bandari nyingine za Marekani, lazima iguse nchi nyingine njiani. Ndo maana safari nyingi za Alaska zinazoanzia Seattle zinasimama Victoria, Kanada, hata kama ni usiku na masaa machache. Ukiona bandari yako nzuri imekatwa lakini ile ya usiku imebaki, sababu inaweza kuwa hiyo.

Sasa nisionekane natetea makampuni tu. Mkataba wa tiketi unawaruhusu kuruka bandari yoyote, na unachorudishiwa kwa kawaida ni kodi na ada za ile bandari, mara nyingi inaingia kwenye akaunti yako ya melini na ni hela ndogo. Ziara uliyonunua melini inarudishwa, uliyonunua mwenyewe nje ni juu ya huyo uliyemlipa, kwa hiyo kabla hujalipa muulize kwa maandishi meli isipofika inakuwaje. Na kama kuna bandari unaifia, angalia kwanza kama ni ya gati au ya boti ndogo. Santorini ni ya boti, Stanley kule Falkland ni ya boti, Kisiwa cha Pasaka unakaa bahari ya wazi kabisa. Zinarukwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni lile tangazo la sentensi mbili, "kutokana na hali ya hewa", basi. Nilifanya kazi na nahodha mmoja ambaye alikuwa anaeleza, anasema upepo kwenye lango la bandari ni noti 34, kikomo chetu hapa ni 25, tumezunguka saa nzima tukingoja na utabiri wa mchana ni mbaya zaidi, nimeongea na rubani na yeye kakataa. Na mara moja alisema wazi kwamba si hewa, ni injini. Nikikumbuka foleni kwenye dawati la huduma kwa abiria siku za huyu baba na siku za wale wa sentensi mbili, zake zilikuwa fupi, na waliokuja walikuja kuuliza hela ya ziara inarudi lini, hakuna aliyekuja kuniambia nadanganya.