Siku tatu Isla Blanca

Tuliondoka Houston Jumamosi, Agosti 23, 2025, alfajiri na mapema, mimi na shemeji yangu, kwa gari lake lenye kiyoyozi kinachofanya kazi kikijisikia. Shemeji ni fundi wa kuchomelea mabomba. Habari za anga hazimshughulishi. Alikubali kuja kwa sababu nilimwambia Starship, roketi ya kampuni ya SpaceX, imeundwa kwa chuma kisichoshika kutu, kipenyo mita 9, urefu zaidi ya mita 120, na mapipa yake yameunganishwa kwa kuchomelewa. "Kama kuna mshono wa kutazama, twende," alisema, akapakia chupa ya chai.

Ukishaipita Kingsville, barabara ya 77 inanyooka kama uzi. Malisho upande huu, malisho upande ule, na vituo vya mafuta vinaadimika hadi unaanza kuiangalia geji. Huko ndiko nilikomsimulia habari za majaribio tisa yaliyotangulia, maana sisi tulikuwa tunakwenda kuona la kumi.

La kwanza lilimchekesha. Aprili 20, 2023, roketi yenye injini 33 iliwashwa juu ya jukwaa ambalo chini yake palikuwa na zege tu. Moto ukaichimba ardhi, mapande ya zege yakaruka hadi majini, na mchanga ukawanyeshea watu wa Port Isabel, mwendo wa kilomita kama kumi kutoka pale. Roketi ilipaa huku injini zikizima moja baada ya nyingine, ikaanza kupinduka-pinduka, na hata mfumo wa kuilipua ulipofyatuka zilipita kama sekunde 40 ndipo ikapasuka.

"Injini 33 juu ya zege tupu?" Shemeji aliupunguza mwendo kabisa. "Nani alipitisha huo mchoro?"

Nikamwambia walidhani zege lile lingehimili mruko mmoja, kwa kuwa lilihimili jaribio la kuwasha injini kwa karibu nusu ya nguvu zake.

"Bomba ukilipima kwa nusu ya presha, shem, umepima bomba lingine."

Miezi saba baadaye, Novemba 18, 2023, pale palipochimbika palikuwa na bamba nene la chuma lenye matundu, linalofyatua maji kwenda juu kuukabili moto. Mitambo ya kugeuza injini, iliyokuwa ikitumia mafuta ya haidroliki, ilikuwa imebadilishwa kuwa ya umeme. Juu ya busta, ile sehemu ya chini, walikuwa wameongeza pete yenye nafasi za kupitisha moto, ili chombo cha juu kiwashe injini zake kabla hakijaachana na busta. Safari hiyo injini zote 33 ziliwaka hadi mwisho wa zamu yao, na jukwaa likabaki zima. Ila busta ilipogeuka kurudi ililipuka: machujio ya oksijeni inayokwenda kwenye injini yalikuwa yameziba. Na jaribio la tatu, Machi 14, 2024, yakaziba tena.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Hapo hakucheka. Kwa fundi kama yeye, kitu kuvunjika ni sehemu ya kazi; kitu kuvunjika palepale maana yake ni kwamba mara ya kwanza ulitibu dalili ukauacha ugonjwa. Nikaharakisha kumwambia kwamba baada ya hapo waliongeza vifaa ndani ya tangi la oksijeni, na Juni 6, 2024 busta ikatua polepole juu ya maji ya Ghuba ya Meksiko kama ilivyotakiwa. Akaguna tu. Tukawa tumefika Port Isabel, tukalivuka daraja refu kuingia South Padre Island, joto likiwa lile la kukufanya uone barabara inachemka.

Jumapili tulikwenda Isla Blanca, bustani iliyo kwenye ncha ya kusini ya kisiwa. Ukisimama hapo unaona mfereji wa meli wa Brownsville, halafu ng'ambo yake nchi tambarare, na katikati ya utambarare huo mnara mmoja na roketi imeuegemea. Kilomita kama 8. Kwa macho ni kidole cha fedha. Watu walikuwa wamejaa tangu asubuhi, na viti, na miavuli, na darubini za kila namna. Roketi ilitakiwa iruke saa kumi na mbili na nusu jioni. Muda haukuwa umefika tangazo likaja: mitambo ya ardhini ina hitilafu, leo hakuna. Watu walikunja viti kimya kimya kama waliotoka msibani.

Jumatatu mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana tulikaribia kweli. Mafuta yalijazwa, tukaona mvuke mweupe ukitiririka ubavuni mwa chuma. Saa ikahesabu kurudi nyuma, ikafika sekunde 40, ikasimama. Mawingu ya dhoruba yalikuwa karibu mno, na roketi ikipita ndani yake inaweza kuiita radi. Tukangoja. Ruhusa haikuja.

Kwa hiyo usiku huo, badala ya kusimuliana tulichoona, tulikaa nje ya chumba tukipigwa na upepo wa bahari, na shemeji akataka kusikia yaliyobaki. Nilifikiri angependa zaidi habari ya Oktoba 13, 2024, jaribio la tano, siku ambayo mnara ulikunjua mikono yake miwili na kuidaka busta ikirudi kutoka angani. Aliitazama video mara tatu kwenye simu. Halafu akauliza swali ambalo sijawahi kumsikia mtu akiuliza: "Baada ya kuidaka, walikuta nini?"

Walikuta baadhi ya midomo ya injini za pembezoni imepinda kwa joto. Kitu ambacho kingezama baharini kama zile zilizotangulia, kwa mara ya kwanza kikawa mezani. Shemeji alifurahi kuliko nilivyotarajia. Watu wote huimba kwamba kudaka roketi ni kuokoa fedha. Yeye aliona jambo lingine: fundi anapata kukishika kilichoharibika. Busta iliyodakwa Januari 2025 ilirushwa tena Mei 27 mwaka huohuo, na kati ya injini zake 33, 29 zilikuwa zilezile zilizokwisha kuruka.

Chombo cha juu ndicho kilichokuwa na mkosi mwaka huo, na hakina wa kukidaka. Januari 16, 2025, toleo jipya la chombo hicho lilitetemeka angani kwa nguvu mara kadhaa kuliko lilivyotetemeka kwenye majaribio ya ardhini. Mtetemo ukavujisha mafuta, mafuta yakashika moto, na mabaki yakaonekana yakiwaka juu ya visiwa vya Turks na Caicos huku ndege za abiria zikigeuzwa njia. Wakakifunga chombo kilichofuata kwenye stendi na kuziwasha injini zake kwa sekunde 60 wakiusaka ule mtetemo, wakabadili mabomba ya kupeleka mafuta kwenye injini, wakaongeza matundu ya kutoa gesi. Machi 6 chombo hicho kikapotea karibu dakika ileile ya safari.

"Tatizo lilelile," alisema shemeji, kama hakimu.

Hapana, na hapa ndipo nilipolazimika kuwatetea watu nisiowajua. Chanzo cha mara hii kilikuwa injini moja ya katikati: kifaa kilishindwa, mafuta na oksijeni vikachanganyika pasipotakiwa, vikawaka. Dawa yake ikawa tofauti. Viungio muhimu vya injini vikazwe zaidi, na kuwe na mfumo wa nitrojeni wa kuifukuza gesi iliyovuja kabla haijakuta moto. Mei 27 injini zikafanya kazi yake hadi mwisho, chombo kikafika anga za juu, kisha kikaanza kuzunguka bila breki kwa sababu methani ilikuwa inavuja kutoka mahali pengine kabisa: kifaa kidogo kinachotawanya gesi ya kuongeza shinikizo ndani ya tangi la methani kilikuwa kimeshindwa. Na Juni 18 kingine kikalipuka kikiwa bado ardhini, kwenye kituo cha majaribio, kwa sababu ya chupa ya nitrojeni ya shinikizo kubwa iliyokuwa puani.

Shemeji alinyamaza muda mrefu. "Chupa kupasuka ardhini," alisema mwishowe, "hiyo naijua. Imegongwa au imekwaruzwa wakati wa kufunga, hakuna aliyesema." Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Najua tu kwamba kwa chombo tulichokuwa tunakingoja, chupa hizo zilipunguziwa shinikizo, zikaongezewa ukaguzi na kifuniko cha kuzikinga.

Jumanne, Agosti 26, hatukubeba hata kiti. Tulisimama. Saa ikafika sekunde 40, ikapita.

Kwanza ni mwanga, bila sauti yoyote. Wingu la maji na moshi linafumuka pande zote mbili za jukwaa, kidole cha fedha kinaanza kupanda, na wewe unasikia mawimbi na mtoto anayelilia aiskrimu. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba sauti ingechukua kama sekunde 23 kuvuka maji, nikawa nahesabu kwa midomo. Roketi ilikuwa imeshauacha mnara mbali ilipotufikia. Haikuja kama mshindo. Ilianza kama ngurumo chini ya miguu, ikapanda, halafu ikawa mipasuko, mamia ya mipasuko midogo mikavu, mfano wa turubai linalochanwa na jitu lisilo na haraka. Shati langu lilikuwa linapigapiga kifua bila upepo. Shemeji alikuwa amefumba macho. Baadaye aliniambia alikuwa anasikiliza kama kuna injini inayokosa. Ilikuwepo moja iliyozima njiani, ingawa sidhani ni sikio lake lililoigundua.

Busta haikurudi mnarani. Walikuwa wamepanga iende kuzama Ghuba, kwa sababu walitaka kuitesa: wakati wa kutua walizima makusudi injini moja ya katikati waone kama injini ya duara la pili, linalozizunguka zile za katikati, ingeshika nafasi yake. Ikashika. Shemeji hakuupenda mpango huo. "Umeipata nzima, unaitupa?"

Yaliyobaki tuliyaangalia kwenye simu, vichwa vimegusana, pamoja na mzee mmoja aliyekuja na mbwa wake. Mlango wa ubavuni ulifunguka na kusukuma nje vielelezo vinane vya satelaiti, kimoja kimoja. Injini moja ikawashwa tena angani. Kisha chombo kikaanza kuingia kwenye hewa, na kabla joto halijafika kileleni kitu kikapasuka kwenye sketi ya nyuma, pale injini zilipo. Ukingo ukararuka. Bawa moja la nyuma likaanza kuliwa. Baadhi ya vigae vya kukinga joto vilikuwa vimeng'olewa makusudi kabla ya safari, ili waone chuma kitafanya nini bila kinga. Kuna vingine vya metali vya majaribio vilivyooksidika hadi ubavu mzima ukageuka rangi ya kutu. Chombo hicho chenye makovu kilijiinua wima juu ya Bahari ya Hindi, kikawasha injini, kikatua majini mita 3 kutoka walipokusudia, kikaanguka ubavu, kikalipuka. Ilikuwa saa moja na nusu na ushei. Huku kwetu mwanga ulikuwa bado upo.

"Na hiyo sketi imezama," alisema shemeji.

"Imezama."

"Kwa hiyo watabahatisha kwa picha."

Kwa picha na vihisio, nikamsahihisha. Akasema ndiyo hivyo, kwa picha.

Jumatano, barabara namba 4 ilipofunguliwa, tuliendesha hadi mwisho wake, ufukwe wa Boca Chica. Tulipita majengo marefu ya kuundia roketi, tukafika kwenye mnara. Jukwaa lilikuwa tupu na limeungua kwa rangi ya kahawia, na watu wenye kofia ngumu walikuwa tayari juu ya kreni. Pembeni yake jukwaa la pili lilikuwa linajengwa, na hilo limechimbiwa mfereji wa kupitisha moto tangu mwanzo. Shemeji aliutazama mfereji huo, akatikisa kichwa polepole, akanionyesha kwa kidevu bila kusema kitu.

Kisha akaiona Starhopper, chombo cha majaribio kilichoitangulia Starship. Ipo hapo kando, fupi na nene kama tangi la maji lililooteshwa miguu mitatu. Pua yake iliangushwa na upepo Januari 2019 na haikuwekwa nyingine. Iliruka mita 150 Agosti 27, 2019. Nilipoitaja tarehe hiyo kwa sauti ndipo nikang'amua kwamba siku ile nayo ilikuwa Agosti 27. Shemeji hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amesimama kando ya barabara, mkono umekinga jua, akiifuata mishono ya chuma kutoka mguuni hadi juu: mabamba yaliyobonyea hapa na pale, mstari wa mshono ukipanda na kushuka.

"Huyu aliyechomelea hapa," alisema, "alikuwa nje, na upepo ulikuwa unavuma."

Akavuta picha kwenye simu yake hadi mshono ukajaa kioo chote, akapiga tatu, tukarudi garini.