Siku yangu kwenye mashine ya mionzi

Nikisema nafanya kazi ya mionzi, watu hudhani napiga picha za mifupa. Mimi natibu saratani, hapa hapa Mombasa.

Saa kumi na moja alfajiri niko foleni ya feri Likoni, mahamri mkobani. Saa moja tunaiwasha mashine na kuipima. Saa mbili wagonjwa wanaanza: laza, linganisha alama, toka, funga mlango, mwingine.

Saa nne na nusu kiyoyozi kikafa. Mashine ikapata joto, ikagoma. Benchi limejaa, na kijana mmoja kutoka Gazi, fundi wa majahazi, kamleta mamake mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Siku yao ya kwanza.

"Dada, siku 25 za nini? Mpigeni yote leo twende zetu. Nauli itatumaliza."

Hiyo naisikia kila wiki, na njaa ilikuwa inaniuma. Nikamjibu kwa ukali. Mamake akanitazama tu, nikaona haya, nikaketi.

"Jahazi likipasuka ubao, utaling'oa nanga?"

"Thubutu! Litiwe kalafati kwanza."

Basi, nikamwambia, na seli ni hivyo. Mionzi hukata DNA, uzi wa maelekezo ulio ndani ya seli. Seli yenye afya ikihisi DNA yake imekatika, protini iitwayo p53 huongezeka na kuizuia isigawanyike mpaka iungwe. Kuunga huchukua saa kadhaa, ndiyo maana tunapiga kidogo leo, kidogo kesho. Tukipiga yote mara moja, kibofu na utumbo vilivyo jirani havitawahi kutiwa kalafati.

"Na likioza lote?"

"p53 hiyo hiyo huiamuru seli ife."

"Na ile seli mbaya ya mama?"

Saratani hii karibu zote huletwa na kirusi cha HPV, nacho kina protini yake, E6, inayosababisha p53 ivunjwevunjwe. Seli inakosa wa kuizuia, inajigawa na DNA iliyokatika.

"Imeng'oa nanga na tundu!" Akacheka peke yake. "Si itazama?"

Nyingi huzama hapo hapo, zikijigawa.

Kiyoyozi kilipona alasiri. Chakula sikumbuki nilikula au la. Mama aliingia jua likitua. Kijana haruhusiwi ndani, akasimama kaegemea ukuta mpaka mlango ukafunguliwa.

"Bado 24, dada."

Feri ya saa mbili usiku niliivuka nimesimama, miguu imevimba.